Kujitolea: nafasi zipo, wanaorudi ndio haba

Maswali ya wiki mbili hizi yamenijaa mezani, mengine kwa karatasi zilizosukumwa chini ya mlango wa kituo chetu cha kuunganisha watu wa kujitolea hapa Moshi, mengine kwa simu. Nimechagua yale yanayogusa wengi. Waliouliza mambo ambayo yamo kwenye tangazo letu la mlangoni wanisamehe, sitayarudia yote.

Mnalipa shilingi ngapi kwa siku? (Wasomaji wanne, Majengo, Njoro na Pasua)

Hatulipi. Mstari wa kwanza wa tangazo unasema hivyo, na bado swali limekuja mara nne.

Lakini msichanganye malipo na nauli. Nauli ya kwenda na kurudi ni haki ya anayejitolea, na kazi ikivuka mchana, chakula pia. Sisi tunapokea ombi la shule, zahanati au kamati ya mtaa baada ya kuuliza nauli itatoka wapi. Anayesema hana, tunamtafutia watu wa mtaa wake wanaoweza kuja kwa miguu. Nimewaona vijana wazuri wakipotea taratibu kwa sababu kila Jumamosi iliwatoa pesa mfukoni na waliona aibu kusema. Semeni mapema. Mkikaa kimya, tunabaki kudhani mmechoka na kazi.

Shikamoo mama. Nimemaliza chuo mwaka jana. Nikija kujitolea wiki moja mtanipa cheti niambatanishe kwenye maombi ya ajira? (Mhitimu, Longuo)

Marahaba mwanangu. Kwa wiki moja, hapana.

Natamani upate kazi, na nakuombea. Ila karatasi yenye mhuri na nembo za rangi haimwambii mwajiri chochote. Kinachomwambia ni barua ya nusu ukurasa: ulifanya kazi gani, kuanzia tarehe ipi hadi ipi, saa ngapi kwa wiki, chini ya nani, na namba ya simu ya huyo mtu. Barua hiyo tunaitoa baada ya miezi mitatu ya kufika bila kukosa. Ukija siku moja kwa wiki, tuseme kila Alhamisi, miezi mitatu ni siku kumi na tatu tu. Ukishindwa siku kumi na tatu, hata hiyo ajira unayoitafuta itakushinda.

Na uwe mwangalifu na wanaouza vyeti vya kujitolea bila kazi. Siku mwajiri akipiga simu na upande wa pili usikufahamu, umeharibu jina lako kwa karatasi uliyoinunua.

Ninafundisha shule ya msingi kwa kujitolea, huu ni mwaka wa tatu. Nina vipindi 24 kwa wiki, nasahihisha mitihani, nashika zamu. Wazazi wakichanga napewa kitu, wasipochanga sipati. Niendelee? (Mwalimu, nje ya Moshi mjini)

Mdogo wangu, swali lako limeninyima usingizi.

Kujitolea kuna mipaka. Mtu anayetoa saa mbili au tano kwa wiki, huku riziki yake ikitoka kwingine, anajitolea. Mtu anayeingia saa moja na nusu asubuhi na kutoka saa tisa, siku tano, mwenye darasa lake, zamu yake na ratiba yenye jina lake ukutani, huyo ni mfanyakazi asiyelipwa. Kumwita mtu wa kujitolea hakubadili kitu anachokifanya. Kunabadili tu anachodai.

Najua shule ina upungufu, na najua mwalimu mkuu hana fungu. Sitaki watoto wakae bila mwalimu. Lakini nchi haiwezi kujaza pengo la kudumu kwa watu wa muda na kuliita moyo wa uzalendo. Tazama upande wa afya. Kenya walikuwa na wahudumu wa afya wa jamii walioitwa wa kujitolea kwa miaka mingi, wakipita nyumba kwa nyumba kwa viatu vyao wenyewe. Septemba 2023 serikali yao ikawazindua upya, zaidi ya laki moja, ikawapa jina jingine, mkoba wa vifaa, simu na posho ya kila mwezi. Kwetu Tanzania, Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Posho bado ni ndogo, na sisemi kila kitu kimekwenda sawa. Ninachosema ni kwamba mahali fulani watu walikaa wakakubali kuwa kazi ya kila siku inahitaji malipo ya kila mwezi.

Kwako wewe: nenda kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, omba makubaliano ya maandishi. Yaseme vipindi vingapi, kwa kiasi gani, hadi lini. Wakikataa kuandika, punguza hadi siku mbili na hizo nyingine utafute riziki. Na dai barua ya miaka yako mitatu leo, kabla mwalimu mkuu huyo hajahamishwa.

Msaragambo si ndio kujitolea kwetu? Mbona mnatuletea madaftari ya kizungu? (Mzee, Uru)

Shikamoo mzee wangu. Msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, ndio mama wa haya yote, na nisingependa usahaulike. Mifereji inayoshusha maji ya Mlima Kilimanjaro hadi kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani, haikuchimbwa na mkandarasi. Ilichimbwa na watu wa ukoo na kijiji, na kila mwaka ilizibuliwa na wao wenyewe. Ndugu zetu Wapare na Wasambaa nao wana msaragambo wao, Kenya wana harambee, Rwanda wana umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi.

Ila tofauti ipo, na naomba tusiifiche. Msaragambo ulikuwa wajibu. Mbiu ilipolia ulitoka, usipotoka ulitozwa faini, na maji ya mfereji ule yalifika shambani kwako. Ulimjua kila mtu aliyeshika jembe pembeni yako. Sasa shuka hapa mjini, mitaa ya Soweto au Rau, uone. Nyumba moja ina wapangaji sita, kila mmoja ametoka wilaya yake, hakuna anayejua jina la baba wa mwenzake. Mbiu itapigwa na nani, na nani ataitambua? Daftari letu la kuandikisha wanaojitolea linafanya kazi ya mbiu kwa watu wa kupanga. Mpangaji aliyehamia mwezi jana anaandika jina lake, na Jumamosi anasimama mferejini na jirani aliyekuwa akimpita bila salamu. Kijijini kwako mzee, kama mbiu bado inalia, daftari hamlihitaji kabisa.

Tunaomba vijana 20 Jumamosi hii kusafisha mfereji wa maji ya mvua. (Kamati ya mtaa)

Majembe mangapi? Makoleo mangapi? Glavu na mabuti vipo? Takataka zikishatolewa, gari la kuzibeba linakuja siku hiyo hiyo, au zitabaki ukingoni mpaka mvua izirudishe ndani? Nani atawapokea vijana saa moja asubuhi?

Nauliza hivi kwa sababu niliwahi kupeleka vijana 14 mahali, na hakuna aliyekuja kufungua geti. Walikaa juani hadi saa nne. Wa kwanza kuondoka alikuwa binti aliyetoka Kiboriloni kwa miguu ili nauli yake imtoshe kurudi. Kati ya wale 14, walioonekana tena kituoni ni watatu. Aliyetuita alisema samahani kwa simu, na kwake likaisha. Kwangu halijaisha. Mtu aliyejitolea akakuta hakuna aliyejiandaa anajifunza kwamba muda wake hauna thamani, na funzo hilo hubaki naye.

Kwa majembe matano nitawapa vijana wanane, ili wapokezane. Na anayeingia kwenye maji machafu bila mabuti simpeleki, hata kamati ikikasirika. Ulizeni pia swali ambalo hamkuniuliza: kijana akikatwa na chupa, atapelekwa zahanati ipi na kwa pesa ya nani? Jibu liandikwe kabla ya Jumamosi.

Nina marafiki watatu kutoka Ujerumani, wanakuja kupanda mlima. Wangependa kujitolea wiki mbili kwenye kituo cha yatima. Mtuunganishe. (Muongoza watalii)

Hatuunganishi watu wa wiki mbili na watoto, awe Mjerumani, Mmarekani au Mtanzania mwenzangu. Nitaeleza kwa kirefu, maana mji huu unaishi kwa wageni na swali hili halitaisha.

Mtoto anayelelewa kwenye makao tayari ameachwa mara moja. Anakuja mgeni, anambeba mgongoni, anampiga picha, anampa peremende, siku ya kumi na nne anapanda gari la uwanja wa ndege. Wiki inayofuata anakuja mwingine. Mtoto anajifunza kumkimbilia kila mtu asiyemjua na kutomshika yeyote moyoni. Walezi wa kudumu wanaliona hili kila siku. Na pale ambapo wageni huacha michango, wapo watu wanaoona faida ya kuwa na watoto wengi ndani, hata wenye wazazi hai vijijini. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la haki za mtoto lililogusa waziwazi madhara ya kujitolea kwenye makao ya yatima, na utalii ukatajwa humo. Si chuki yangu kwa wageni.

Makao ya watoto yanatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri anayajua yaliyo halali. Wanaotaka kusaidia waanzie kwake. Mara nyingi kinachohitajika ni ada ya shule itakayombakiza mtoto kwa bibi yake.

Na jambo jingine, kaka, wewe ndiye utakayeulizwa: viza ya utalii hairuhusu kazi, hata isiyo na malipo. Mgeni wa kujitolea anahitaji vibali vyake, ukiwamo ukaazi wa daraja C. Usimpeleke mtu popote ukitegemea kwamba uhamiaji hawatapita.

Kama wageni wako wana wiki mbili kweli, wapande mlima, walipe wapagazi vizuri, na wale kwa mama lishe. Mji utakuwa umenufaika.

Kuchangia damu kunahesabika? (Bila jina)

Sana. Una miaka 18 na zaidi, uzito kilo 50 au zaidi na afya njema, nenda. Kituo cha damu salama cha Kanda ya Kaskazini kipo hapa hapa Moshi. Mwanaume anaweza kurudi kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Damu haiuzwi wala hainunuliwi. Akitokea mtu anakuomba pesa kwa ajili ya chupa ya damu, toa taarifa.

Niliambiwa nilipe 50,000 ya usajili nipate nafasi ya kujitolea JKT. Je, nyinyi mnapokea malipo hayo? (Kijana, Bondeni)

Hatupokei, na JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, si sisi. Vijana wa kujitolea wa JKT huchukuliwa kwa tangazo la JKT lenyewe, kupitia ofisi za wilaya na mikoa, bila kulipa. Umetapeliwa, au unakaribia. Kama umeshatuma, nenda polisi leo na ujumbe wa muamala kwenye simu. Usimpigie tena huyo mtu.

Hakuna nafasi ya kujitolea inayouzwa. Hakuna. Waambieni na wadogo zenu.

Siku ya Kujitolea Duniani mtafanya nini? Tupendekeze fulana? (Kikundi cha vijana, Msaranga)

Tarehe 5 Desemba iliwekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985, na mwaka 2026 wote umetangazwa kuwa mwaka wa watu wa kujitolea. Nafurahi. Fulana sitaki. Bei ya fulana moja ni nauli ya mtu mmoja kwa majuma kadhaa. Nileteeni hiyo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 63. Magoti yananisumbua, na nina saa mbili tu kila Jumatano. Naona vijana ndio mnaowataka. (Majengo)

Shikamoo mwalimu. Wewe ndiye niliyekuwa namtafuta.

Kuna shule karibu na kwako yenye watoto wa darasa la tatu ambao bado hawajashika kusoma. Mwalimu wao ana darasa lililofurika, hawezi kukaa na mmoja mmoja. Nahitaji mtu wa kukaa kwenye kiti chini ya mwembe na watoto wanne, kitabu kimoja, saa moja na nusu. Magoti hayatahusika. Mwalimu mkuu nimeshazungumza naye, atakupokea mwenyewe na utakaa mahali panapoonekana na wote, kama inavyotakiwa. Saa mbili zako za kila Jumatano, mwaka mzima, nazithamini kuliko vijana arobaini wa siku moja. Lete kitambulisho cha NIDA na barua ya mwenyekiti wa mtaa.

Nilikuwa namtembelea bibi mmoja wa Kaloleni kila Alhamisi kupitia kwenu. Niliacha tangu Machi, mambo yalinizidi. Naona aibu kurudi. (Dada wa Kiusa)

Rudi Alhamisi hii. Maelezo hayahitajiki, wala zawadi ya kufidia. Tulimpelekea mtu mwingine Aprili, mtu mwema, lakini bibi bado anamuuliza kila wiki yule binti aliyekuwa anamsomea barua za mwanawe yuko wapi. Barua mbili hajazifungua. Anakusubiri wewe.