Maswali ya Wasomaji: Ruta Inapokataa au Kuzimika Wakati wa Kupandisha Toleo la OpenWrt

Katika toleo hili tumekusanya barua zinazohusu OpenWrt, mfumo endeshi huria wa ruta ulioanza mwaka 2004 kutokana na msimbo wa ruta za Linksys WRT54G. Wasomaji wetu wengi waliouweka wanaridhika nao hadi siku ya kupandisha toleo, na hapo ndipo maswali huanza.

Swali: Ndugu Mhariri, salaam. Ninasimamia mtandao wa ofisi ndogo ya uchapaji mjini Morogoro. Ruta yetu ina chipu ya MediaTek MT7621 na inatumia OpenWrt 19.07. Nilipopakia faili la toleo la 23.05 lililotengenezwa kwa ajili ya modeli yetu hasa, mfumo ulilikataa, ukaeleza kwamba faili ni la 1.1 ilhali kifaa ni cha 1.0, na kwamba mipangilio haiwezi kuhamishwa kutoka swconfig kwenda DSA. Fundi mmoja ananishauri nilazimishe kwa alama ya F katika `sysupgrade`, yaani amri ya kupandisha toleo. Je, nifuate ushauri huo?

Jibu: Ndugu msomaji, usilazimishe kabla ya kuelewa ruta inakuambia nini, kwa sababu ujumbe huo unaeleza jambo la kweli na ukiupuuza nusu yake utabaki na kifaa kisichofikika kwa kebo.

Hadi toleo la 19.07, ruta za MT7621 ziliendesha swichi yao ya ndani kwa njia ya swconfig, ambayo ni utaratibu wa OpenWrt wenyewe. Katika utaratibu huo matundu yote ya kebo yalionekana kama kitu kimoja kilichogawanywa kwa VLAN, yaani mitandao midogo iliyotenganishwa ndani ya swichi moja, na ndiyo sababu katika faili lako la `/etc/config/network` utakuta majina kama `eth0.1` na `eth0.2`. Kuanzia toleo la 21.02 chipu hiyo ilihamishiwa DSA, utaratibu uliomo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux yenyewe, ambao chini yake kila tundu hupewa jina lake: `lan1`, `lan2`, `wan` na kadhalika, kisha matundu ya ndani huunganishwa chini ya `br-lan`. Mipangilio ya zamani ikiingia katika mfumo mpya itaendelea kutafuta `eth0.1` iliyogawanywa na swichi ambayo haiendeshwi tena kwa njia hiyo. Ruta itawaka vizuri, taa zitakuwa za kawaida, lakini hakuna kompyuta itakayopata mawasiliano.

Kwa hiyo hatari kubwa iko katika kuhamisha mipangilio. Zile 1.0 na 1.1 za ujumbe wako ni namba za upatanifu kati ya kifaa na faili. Toleo la 19.07 halikuwa na njia ya kulinganisha namba hizo mbili kama yanavyofanya matoleo ya baadaye, hivyo halina budi kulikataa faili zima, na ujumbe wake wenyewe husema kwamba ufute mipangilio na kwamba italazimu kutumia nguvu. Hii ni mojawapo ya nafasi chache sana ambapo alama ya F ni halali, kwa sharti kwamba iandamane na alama ya n, ambayo hufuta mipangilio yote: `sysupgrade -F -n` ikifuatiwa na jina la faili lililoko ndani ya `/tmp`. Fundi wako amekupa nusu ya amri, na nusu iliyokosekana ndiyo inayokukinga.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa ulizingatie kuliko yote. Alama ya F huzima pia ule ukaguzi unaozuia faili la ruta nyingine lisiandikwe katika ruta yako, na hivyo kazi ya ukaguzi inabaki mikononi mwako. Soma jina la faili neno kwa neno, pamoja na namba ya toleo la kifaa iliyochapwa kwenye kibandiko chini ya ruta, kwa maana v1 na v2 za modeli moja zinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa. Hakikisha faili ni la aina ya sysupgrade, kwa kuwa lile la factory ni la kuhama kutoka kwenye programu ya kiwandani. Kisha endesha `sha256sum`, amri inayotoa alama ya utambulisho ya faili, juu ya faili hilo na ulinganishe jibu lake na lile lililochapishwa kwenye ukurasa wa kupakulia. Tofauti ya herufi moja inatosha kukufanya upakue upya.

Kuhusu kuruka matoleo, watengenezaji huhakikisha uhamishaji wa mipangilio kutoka toleo kuu moja kwenda lile linalofuata tu, lakini kwa kuwa wewe unafuta kila kitu, sharti hilo halikubani. Hali ingekuwa nyingine kama ujumbe ungetaja 2.0 badala ya 1.1: namba ya kwanza inapobadilika, maana yake ni kwamba `sysupgrade` ya kawaida haifai, mara nyingi kwa sababu mgawanyo wa flashi (hifadhi ya kudumu ya ruta) umebadilika, na hapo ni lazima usome ukurasa wa kifaa chako katika nyaraka za mradi kabla ya kugusa chochote.

Chukua nakala ya mipangilio ya sasa, lakini usiirudishe ndani ya ruta baada ya kazi. Ifungue kwenye kompyuta na uisome kama daftari: nakili jina na nenosiri la mtoa huduma, majina ya Wi-Fi, na anwani ulizozifunga kwa vichapishi vyenu, kisha uziingize upya kwa mkono. Ikiwa uliwahi kuandika sheria zako za iptables katika `/etc/firewall.user`, hizo zitahitaji kuandikwa upya, kwani tangu toleo la 22.03 ukuta wa ulinzi unatumia nftables. Ruta itakapowaka itakuwa katika anwani 192.168.1.1, bila nenosiri na Wi-Fi ikiwa imezimwa, kwa hiyo andaa kebo mapema, na uweke nenosiri kabla ya kuiunganisha na intaneti.

Swali: Mhariri, shule yetu hapa Kilifi ina ruta za TP-Link TL-WR841N zenye flashi ya MB 4 na RAM ya MB 32. Ninatafuta faili la OpenWrt 22.03 au jipya zaidi silioni. Limewekwa wapi?

Jibu: Mwalimu, halipo. Toleo la 19.07 ndilo la mwisho ambalo mradi ulitoa rasmi kwa vifaa vya ukubwa huo, na toleo lake la mwisho kabisa, 19.07.10, lilitoka mwaka 2022, baada ya hapo hakuna marekebisho ya usalama yanayotolewa. Mafaili yanayotengenezwa na watu binafsi kwa kupunguza hiki na kile yapo, lakini siwezi kukushauri uyaweke katika mtandao wa wanafunzi bila kumjua aliyeyatengeneza wala atakayeyarekebisha kasoro ikigundulika. Ruta hizo zinaweza kutumika ndani ya maabara kama swichi au kituo cha Wi-Fi, nyuma ya ruta nyingine iliyo imara inayokabili intaneti. Mkinunua mpya, msiende chini ya MB 16 za flashi na MB 128 za RAM, na muangalie kwanza kama modeli hiyo imo katika orodha ya vifaa vinavyokubaliwa.

Swali: Ndugu Mhariri, umeme ulikatika wakati ruta yangu, TP-Link Archer C7 v2, ilipokuwa katikati ya kuandika toleo jipya. Sasa taa ya umeme inawaka, nyingine zinapepesa kisha zinazima, na mzunguko huo unajirudia. Je, imekufa?

Jibu: Kwa maelezo uliyotoa, karibu nina hakika kwamba haijafa, na ninakuomba usiitupe. Upandishaji wa toleo huandika sehemu ya flashi yenye kerneli na mfumo, wala haugusi butiloda, yaani ile programu ndogo ya kwanza inayoamka kifaa kinapopata umeme. Taa zinazojirudia ni dalili kwamba butiloda inaamka, inatafuta kerneli, inakuta imeharibika, na kuanza upya. Maadamu inaamka, ina uwezo wa kupokea faili jipya.

Jaribu kwanza njia nyepesi, kwa kuwa huenda kerneli ni nzima na kilichoharibika ni mipangilio. Ipe kompyuta yako anwani ya kudumu 192.168.1.2, unganisha kebo kwenye tundu la LAN, washa ruta, na taa inapoanza kupepesa haraka bonyeza kitufe cha reset. Taa ikipepesa kwa kasi kubwa zaidi, umeingia katika hali ya usalama. Katika hali hiyo ruta haigawi anwani, na ndiyo sababu ya kuweka ile ya kudumu, ila inapatikana kwa SSH, njia ya kuiingia ruta na kuipa amri kupitia mtandao, katika 192.168.1.1 kwa jina la root bila nenosiri. Amri ya `firstboot` hufuta mipangilio, kisha unaiwasha upya. Kama taa haibadiliki hata baada ya kurudia kwa utulivu, basi kerneli ndiyo iliyoharibika na utahitaji TFTP, njia rahisi ya kutuma faili kupitia mtandao.

Butiloda ya Archer C7 v2 inapowashwa huku kitufe cha reset kikiwa kimeshikiliwa hutafuta kompyuta yenye anwani 192.168.0.66 na kuiomba faili lenye jina `ArcherC7v2_tp_recovery.bin`, herufi kwa herufi. Weka kompyuta katika anwani hiyo, barakoa ya mtandao (subnet mask) 255.255.255.0, endesha seva ya TFTP, na weka ndani yake faili la factory la OpenWrt ulilolibadilisha jina kuwa hilo. Ukipendelea kurudi kwenye programu ya kiwandani, jihadhari na mafaili ya TP-Link yenye neno boot katika jina lake, kwani yamebeba pia butiloda na hayafai kuandikwa hivyo yalivyo, mpaka sehemu hiyo ikatwe.

Wanaoshindwa hapa mara nyingi hukwamishwa na kompyuta yao, wala si ruta. Zima ukuta wa ulinzi wa Windows kwa muda huo, zima Wi-Fi ya kompyuta, na kama unaweza, weka swichi ya kawaida kati ya kompyuta na ruta. Butiloda huomba faili kwa sekunde chache tu, na kompyuta iliyounganishwa moja kwa moja huweza kuchelewa kutambua kebo hadi nafasi hiyo ipite, ilhali swichi huifanya kebo ya upande wa kompyuta ibaki hai wakati wote. Faili likishapokewa, acha ruta kwa dakika kumi bila kuigusa, hata kama taa zitakutia wasiwasi.

Wenye ruta za kampuni nyingine wasichukue anwani hizi. Baadhi ya D-Link, kwa mfano, hufungua ukurasa mdogo wa uokoaji katika 192.168.0.1, nazo baadhi ya Linksys zina sehemu mbili za mfumo, moja ikiharibika unahamia nyingine. Njia ya mwisho kwa ruta karibu zote ni pini za mawasiliano ya moja kwa moja zilizoko kwenye bodi, kwa kebo ya USB ya volti 3.3. Kebo ya volti 5 huweza kuunguza chipu, na pini ya umeme wa kebo hiyo haiunganishwi kabisa, kwa kuwa ruta inatumia adapta yake.

Mahali ambapo umeme haueleweki, nunua ile betri ndogo ya akiba ya ruta inayotoa volti zilizoandikwa kwenye adapta yako, ambazo kwa kawaida huwa 9 au 12. Ni bei ndogo sana ukilinganisha na usiku mzima wa kuokoa kifaa.

Swali: Mhariri, ninaishi kijijini mkoani Kigoma, na intaneti yangu inatoka kwenye modemu ya USB. Nimepandisha toleo salama na mipangilio imebaki, lakini modemu haitambuliwi. Ninaambiwa nisakinishe vifurushi upya, na intaneti ya kuvipakua ndiyo hiyo isiyokuwepo. Nifanyeje?

Jibu: Pole, ndugu. `sysupgrade` huhifadhi mipangilio, lakini vifurushi ulivyoongeza mwenyewe hufutwa, pamoja na vile vinavyoiendesha modemu yako: kwa modemu nyingi huwa ni `usb-modeswitch` pamoja na moduli za kerneli kama `kmod-usb-net-cdc-ether` au `kmod-usb-net-huawei-cdc-ncm`. Usihangaike kutafuta mafaili ya zamani uliyoyahifadhi, kwa sababu moduli za kerneli hukubali kerneli ile ile zilizotengenezewa na si nyingine.

Njia ya kutoka hapo haihitaji kifurushi chochote. Washa hotspot ya simu yako, ingia katika kurasa za LuCI, yaani zile za kusimamia ruta kwa kivinjari, fungua sehemu ya Wi-Fi, tafuta mitandao iliyopo na ujiunge na simu. Ruta itapata intaneti kama mteja wa kawaida wa Wi-Fi, saa yake itajirekebisha, na hili si dogo, kwa kuwa ruta nyingi hazina betri ya saa na tarehe isiyo sahihi huweza kufanya upakuaji wa HTTPS ukataliwe. Sasisha orodha ya vifurushi, sakinisha vile vinavyohusu modemu, kisha uondoe muunganisho wa simu. Usiendelee na kusasisha vifurushi vyote vilivyomo kwa mpigo, maana matoleo mapya ya vile vilivyokuja na mfumo huandikwa juu ya yale ya awali bila kuyaondoa, nafasi hujaa, na wakati mwingine hayalingani na kerneli.

Kabla ya kupandisha tena, chukua nakala kwa `sysupgrade -k -b` ikifuatiwa na jina la faili la nakala. Alama ya k huongeza ndani yake orodha ya vifurushi ulivyosakinisha, katika `/etc/backup/installed_packages.txt`. Ukishaipata orodha hiyo, ingia katika firmware-selector.openwrt.org, chagua modeli yako, ongeza majina ya vifurushi vya modemu kwenye nafasi iliyotengwa, na seva itakutengenezea faili lenye vifurushi hivyo ndani yake. Vikiwa ndani ya faili hubanwa na kuchukua nafasi ndogo kuliko vikisakinishwa baadaye, na modemu itatambuliwa mara ruta itakapowaka.