nvm moja kwa watumiaji wengi wa seva: shirikisha matoleo ya Node, usishirikishe ruhusa ya kuandika

Mkuu, nimelisoma swali lako: seva moja ya Ubuntu, madevelopa wanne kila mmoja na akaunti yake, nvm (zana ya kusakinisha na kubadilisha matoleo ya Node, programu inayoendesha JavaScript) imesakinishwa na root, yaani akaunti yenye mamlaka yote, na wengine wakiandika node wanajibiwa "command not found". Umeshauriwa upige chmod 777 kwenye folda ya nvm, yaani kumpa kila mtu ruhusa ya kusoma, kuandika na kuendesha, mambo yaishe. Nakuomba usifanye hivyo. Nasimamia seva ya namna hii kazini, na nitakueleza tulivyoipanga.

Chanzo cha shida ni mahali. nvm ya root inakaa /root/.nvm, na folda ya /root mtu mwingine haingii. Kuihamishia kwenye akaunti ya mmoja wenu nako hakusaidii, maana tangu Ubuntu 21.04 folda mpya za /home zinaundwa na ruhusa 750, yaani asiye mmiliki wala mwanakundi haingii. Tena nvm si programu inayojitegemea, ni fanksheni inayopakiwa ndani ya shell yako (programu inayopokea amri unazoandika). Ndiyo maana "sudo nvm install 20" inagoma. Waliotengeneza nvm wanasema wazi kwamba imekusudiwa kila mtumiaji awe na yake.

Sasa hiyo 777. Faili la node lililo kwenye folda hiyo ndilo kila mtu analoliendesha. Mwenye ruhusa ya kuandika humo anaweza kulibadilisha, na atakayeita node baada ya hapo anaendesha alichowekewa, kwa mamlaka ya akaunti yake mwenyewe. Kama kuna huduma inayoendeshwa na root kwa node hiyohiyo, basi umewapa wote wanne root. Kuunda kundi la watumiaji na kulipa ruhusa ya kuandika kunapunguza idadi ya watu tu, tundu linabaki palepale.

Sisi tuliunda akaunti moja, tuiite nodeadmin, na hiyo pekee ndiyo inayomiliki /opt/nvm. Kisha kwenye /etc/profile.d/nvm.sh tukaweka mistari miwili:

export NVM_DIR=/opt/nvm
. "$NVM_DIR/nvm.sh"

Ukitaka kuongeza toleo unaingia kwa "sudo -iu nodeadmin", unapiga nvm install, halafu unamalizia na:

chmod -R a+rX,go-w /opt/nvm

Hiyo X kubwa inafungua folda, pamoja na mafaili ambayo tayari ni ya kuendeshwa, bila kuyafanya mafaili mengine yote yawe ya kuendeshwa. Watumiaji wengine wanapiga "nvm use 20" kama kawaida, kwa sababu amri hiyo inabadilisha PATH (orodha ya folda ambamo amri hutafutwa) ya shell yao tu, haiandiki chochote kwenye diski.

Kuna mambo mawili yatakayowasumbua watu wako. La kwanza ni alias ya default, yaani toleo linalotumika usipotaja lingine: inahifadhiwa ndani ya /opt/nvm, kwa hiyo ni moja kwa wote. Wazoesheni kuweka .nvmrc (faili linalotaja toleo la Node la mradi) kwenye kila mradi, kila mtu apige nvm use akiwa ndani ya folda ya mradi. La pili ni "npm install -g" (kusakinisha zana kwa ajili ya seva nzima), ambayo itakataa kwa EACCES, kosa la kukosa ruhusa. Wengi hukimbilia kuweka prefix (folda nyingine ya kusakinishia zana) kwenye ~/.npmrc, na hapo nvm yenyewe inaanza kulalamika kuwa haipatani na mpangilio huo. Zana ziwekwe ndani ya mradi na ziitwe kwa npx, amri inayoendesha zana za mradi. Ni nidhamu nzuri hata usingekuwa na seva ya kushirikiana.

Huduma za kudumu ni habari nyingine kabisa. cron (inayoendesha kazi kwa ratiba) na systemd (inayosimamia huduma za seva) hazisomi /etc/profile.d, kwa hiyo nvm kwao haipo. Kwenye ExecStart, mstari wa faili la huduma unaotaja cha kuendesha, andika njia kamili, kwa mfano /opt/nvm/versions/node/v20.11.1/bin/node. Na hapa ndipo pa kuangalia sana, kwa sababu nimeona huduma ikifa hivi: mtu anafuta toleo la zamani kwa nvm uninstall, huduma inaendelea kama kawaida kwa sababu Linux huondoa jina la faili tu, yaliyomo hubaki mradi bado linaendeshwa. Kila mtu anaona mambo ni shwari. Siku seva inapowashwa upya, huduma haiinuki, na systemctl status inaonyesha 203/EXEC, yaani programu haikuweza kuendeshwa. Waliopo zamu hawajui kuna kitu kilifutwa wiki kadhaa nyuma. Kabla ya kufuta toleo lolote, piga kwanza "grep -r versions/node /etc/systemd/system", kisha kagua crontab za watumiaji wote.

Kwa huduma muhimu zaidi mimi napendelea kuiacha nvm kabisa: pakua kifurushi rasmi cha Node, kifungue kwenye folda yenye namba ya toleo chini ya /opt/node, mmiliki awe root. nvm ibaki kwa madevelopa wanaojaribu vitu.

Na mkihama toleo kubwa, tuseme 18 kwenda 20, moduli zilizokompailiwa kwa ajili ya toleo la zamani zitagoma zikitaja NODE_MODULE_VERSION 108 na 115, namba za ndani za Node 18 na 20. Hilo halihusiani na ruhusa. Futa node_modules za mradi huo, piga npm ci ukiwa kwenye toleo jipya, itakaa sawa.