Kabla hujapitisha grainda kwenye menifodi ya hewa, soma hapa kwanza

Wadogo zangu mnaoanza ufundi hapa Mwanza, naona saizi kila aliyeshika spana anataka kupanua menifodi ya hewa (yale mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda) uani kwao ili gari "litoe moto". Sikatazi, ila kuna vitu mnavirukia.

Kwanza ujue uko wapi. Mwanza tuko kama mita 1,140 kutoka usawa wa bahari, kwa iyo hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama asilimia 12 na injini isiyo na tabo (feni ya kusukumia hewa kwenye injini) inapoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho. Mtu anatoka Dar na IST yake, anapandisha mlima wa Isamilo, anaanza kulia gari limechoka, wakati gari halina shida yoyote. Menifodi haiwezi kumrudishia nguvu hiyo yote, usimdanganye mteja ukala hela yake.

Halafu ile geji ya vakyumu, inayopima injini inavyovuta hewa kwenye menifodi, hapa ndo vijana wengi wanapotea. Vitabu vingi vimeandikiwa watu wa usawa wa bahari, vinakwambia injini nzima ikiwa kwenye silensi (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) isome inchi 18 mpaka 21 za zebaki. Sasa kila ukipanda kama mita 300 inapungua inchi moja, hapa kwetu toa karibu 4, kwa iyo ukiona 15 au 16 na mshale umetulia tuli, iyo injini ni nzima kabisa, acha kushusha hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) ya watu. Mshale ukiwa unachezacheza ndo uanze kutafuta mchawi.

Sio kila menifodi ni ya kuchezea. Injini ya Toyota 5A-FE ina ya aluminiamu, iyo unaweza kujifunzia. 1NZ-FE ya kina IST na Probox ni plastiki, grainda weka mbali, we isafishe, weka mipira mipya, funga. Kwa Noah zile za D4 zenye 1AZ-FSE sindano zinamwaga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, petroli haipiti kuosha valvu, kwa iyo masizi yanajaa kwenye njia za hewa mpaka tundu linakuwa nusu. Hapo kazi ni kukwangua na kuosha tu, na mteja atakushukuru kuliko ungemchonga menifodi wiki nzima.

Na kuna hawa wanaokata mabomba ya menifodi yawe mafupi kwa sababu wameona gari za mashindano. Bomba refu linasaidia injini kuvuta ikiwa mzunguko wa chini, fupi linasaidia juu kabisa kwenye RPM (mizunguko kwa dakika) kubwa. Sasa gari inayobeba magunia ya dagaa kutoka soko la Mwaloni itafika lini RPM 6,000? Utampa mtu gari linalonguruma alafu mlima linapanda na gia ya kwanza.

Haya, ukiamua kuchonga ya aluminiamu, faida iko pale menifodi inapokutana na hedi. Chukua gasketi mpya (sio ile ya zamani iliyovimba), ikalishe juu ya mdomo wa menifodi kwa kutumia boliti zake ili isicheze, paka maka pen pembezoni, alafu chora mstari kwa msumari uliochongoka. Toa gasketi, utaona mahali chuma kimeingia ndani ya mstari, hapo tu ndo unakula kidogokidogo, ukigusa mstari simama. Fanya hivyo hivyo kwenye hedi. Mdomo wa menifodi ukiwa mdogo kidogo kuliko wa hedi sio kesi, ila ukiwa mkubwa unatengeneza ngazi, hewa inakuja inagonga ukuta. Malizia na msasa wa 80 au 120 basi, habari ya kung'arisha kama kioo achana nayo, njia ya petroli ikiwa na ukwaruukwaru kidogo mafuta yanachanganyika vizuri na hewa.

Kabla ya kufunga, lalisha rula ya chuma juu ya uso wa menifodi, fila geji (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya milimita 0.15 ikipita chini ya rula mimi narudisha kusawazisha. Osha kwa maji na sabuni mpaka ndani, puliza kwa kompresa, angalia kwa tochi, maana chembe moja ya aluminiamu ikifika kwenye silinda umekwisha. Boliti anza za katikati ukienda pembeni, kidogokidogo, mizunguko miwili mitatu.

Ukiwasha silensi ikapanda na kushuka, kuna sehemu inavuta hewa. Watu wanapuliza karbu klina, dawa ya kusafishia inayoshika moto, kwenye gasketi huku ekzosi ina moto, mimi natumia maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia. Ukipuliza mahali mlio ukabadilika, ndo hapo hapo, zima, fungua, weka gasketi nyingine, usijaribu kukaza zaidi utakata uzi wa hedi.