Kwa wanasihi wapya watakaowahudumia Wayahudi washika dini

Ukianza kazi Stamford Hill, London, au Borough Park kule Brooklyn, usidhani mtu mwenye sinagogi mtaa wa pili na binamu kila jengo hawezi kuwa mpweke. Anaweza sana. Maisha ya pale yamepangwa kifamilia, na Sabato ndiyo humuumbua kapera wa makamo, mjane, mke ambaye hajajaliwa mtoto. Tangu jua linapozama Ijumaa mpaka nyota zitoke Jumamosi, simu haiguswi, gari halipandwi. Asiyealikwa mezani hukaa saa 25 na mawazo yake. Kwa hiyo "Sabato hii unakula kwa nani?" ni swali la Jumatano, mwaliko ungali unatafutika.

Halafu kuna halakha, sheria ya dini. Wanasihi wengi wageni huiona ndiyo ugonjwa wenyewe, mimi siafiki. Mteja akisema hawezi kumzungumzia mama yake kwa kuwa Torati inakataza kusengenya, usimbishie. Muulize kama yuko tayari kumuuliza rabi wake. Marabi wengi huruhusu maneno hayo yakisemwa kwa ajili ya tiba. Ruhusa hiyo ikitoka kwako haina uzito, hata uwe na shahada tatu.

Mwanamume na mwanamke wasio ndugu hawajifungii chumbani, basi mlango usitiwe ufunguo. Mkono usitangulize wewe. Na mkikutana njiani, asipokusalimu, pita: akijulikana anakuja kwako, posa za dada zake zinaweza kuyumba.

Kuokoa uhai hutangulia karibu amri zote, Sabato ikiwemo. Mwenye mawazo ya kujiua anaruhusiwa, tena anawajibika, kupiga simu usiku wa Ijumaa. Ila aliyezama katika sonona hujiona hastahili kuvunjiwa Sabato. Akiridhia, mpigieni rabi pamoja siku ya Alhamisi, amsikie mwenyewe akimwambia apige. Simu ilale kwenye chaji, namba ziwe karatasini.

Kuhusu mfungo wa Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, Talmud, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, katika sehemu iitwayo Yoma, inasema mgonjwa akisema anahitaji chakula hulishwa, hata matabibu wakipinga. Msiitegemee kanuni hiyo kwa mwenye maradhi ya kujinyima chakula. Yeye hatasema kamwe kwamba anahitaji, kwa hiyo barua ya daktari imfikie rabi wiki kadhaa kabla.