Almasi ya Maabara au ya Ardhini?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mtumishi wa serikali, kazini Mtumba, nyumbani Kisasa. Namtafutia pete mchumba wangu, ambaye ni muuguzi huko Manyoni. Nimetenga shilingi milioni mbili na nusu. Sonara mmoja hapa mjini amenionyesha pete mbili za bei hiyohiyo: moja ina almasi ya maabara ya karati moja, nyingine ina almasi ya asili, robo karati tu. Zote aliziwekea kipimio cha almasi, kikalia. Mjomba anasema ya maabara ni bandia na nitaiaibisha familia ukweni. Nifanyeje?
Msomaji, Kisasa, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Mjomba umsikilize kwa mengine yote ya posa, ila hili la ubandia hapana. Almasi ya maabara ni almasi: kaboni ileile, ugumu uleule wa 10 kwenye kipimo cha Mohs, mng'ao uleule. Zimetofautiana asili tu. Ya ardhini iliumbika kilomita 150 au zaidi chini yetu, zamani za miaka bilioni na ushei, ikapandishwa juu na volkano; ndivyo zilivyofika zile za Mwadui, kule Kishapu, ambako Williamson alizigundua mwaka 1940. Ya maabara hukuzwa kwa wiki chache juu ya kipande chembamba cha almasi, ama kwa joto na mgandamizo mkali, ama kwa gesi yenye kaboni inayotua tabaka kwa tabaka. Bandia ni zirkonia (cubic zirconia), jiwe jingine kabisa, ambalo kingo zake hulika mapema.

Kinachonitia wasiwasi ni hicho kipimio. Kidude kile hupima jiwe linavyopitisha joto. Almasi zote mbili hukifanya kilie, na vingi hulia hata kwa moisanaiti, ambayo si almasi. Kwa hiyo mlio ule haukuthibitisha hata kidogo kwamba robo karati ile imetoka ardhini. Nimekaa na lenzi mezani miaka mingi, na kwa jicho langu siwezi kuzitenganisha. Hakuna sonara anayeweza. Wanaoweza ni wataalamu wenye mashine za kupimia vito, na wao hutoa cheti. Omba cheti cha GIA au IGI, taasisi za kimataifa za kupima vito, umwambie sonara akuonyeshe kwa lenzi namba iliyochongwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe (ule ukingo mwembamba unaolizunguka), ulinganishe na ya kwenye cheti, kisha uihakiki kwenye tovuti ya waliokitoa. Mawe ya robo karati mara nyingi hayana cheti. Kama hana, ujue unachonunua ni neno lake, na bei uipange kwa hesabu hiyo.

Habari kwamba ya maabara haichafui mazingira usiibebe nzimanzima, inategemea umeme uliotumika umetoka wapi.

Jingine, usinunue yoyote kati ya hizo kama akiba. Ya ardhini ukiirudisha dukani hupati ulichotoa. Ya maabara ndiyo zaidi, maana viwanda vya India na China vinaizalisha kwa wingi na bei imekuwa ikiporomoka. Siku ukitaka kuiuza, huenda wakakupimia dhahabu peke yake. Ukiwa na fedha ya akiba, nunua kiwanja Nala.

Ningekuwa wewe ningechukua ya maabara, lakini siyo hiyo ya karati moja. Mchumba wako ni muuguzi, anavaa na kuvua glovu kutwa nzima. Jiwe kubwa lililoshikiliwa juu kwa meno litamchania glovu, na meno yenyewe yatalegea. Chagua nusu karati, lilazwe chini na kuzungushiwa ukingo wa dhahabu. Fedha itakayobaki iende kwenye pete yenyewe, iwe ya dhahabu ya karati 18 badala ya 9 (karati za dhahabu ni za usafi wake, si uzito kama za jiwe).

Na kabla hujamvisha, mwambie mwenyewe jiwe limetoka wapi. Ukweni hawana haja ya kutangaziwa, ila yeye ana haki ya kujua anachokivaa. Akisema moyo wake unataka kitu kilichochimbwa, usimbishie. Mpeleke soko la madini hapa Dodoma mkaulizie rubi ya Winza, hapo Mpwapwa. Ugumu wake ni 9, inahimili kazi, na inatoka mkoani kwetu. Muulize muuzaji kama imechomwa, yaani imepashwa moto ili rangi yake ipendeze, maana ya kuchomwa bei yake inapaswa kuwa chini.

Utakachonunua chochote kile, risiti ya EFD iambatane na karatasi ya duka yenye muhuri, iliyoandikwa waziwazi kama ni almasi ya maabara au ya asili, uzito wake, na karati za dhahabu. Sonara akikwepa kuandika, rudisha pete yake mezani uende duka la pili.