Maji ya kuchemsha hayatoshi kwa matumbawe

Ndugu, umeuliza kama maji ya bomba yakichemshwa yanafaa kwa tangi la matumbawe. Hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu na kupunguza klorini, lakini nitrati, fosfati na shaba hubaki, tena hukolea zaidi maji yanapopungua kwa mvuke. Shaba kidogo tu huua kamba na konokono, nami inaniuma kuona viumbe vikipotea hivyo. Tafuta mashine ya RO, yaani inayosukuma maji kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, yenye kichujio cha resini mwishoni cha kunasa madini yaliyobaki. Kichujio cha mkaa kitangulie, maana klorini huharibu utando huo. Mita ya TDS, ipimayo vitu vilivyoyeyuka majini, isome 0 ndipo utie chumvi ya akwaria, takriban gramu 35 kwa lita. Yanayopotea kwa mvuke yafidie kwa maji hayohayo yaliyochujwa, bila chumvi.