Andika wasifu wa bibi yako angali anacheka

Bibi alifariki Desemba 2022, alfajiri, nyumbani kwake Bahi. Mchana nilipofika kutoka Dodoma mjini sikupewa hata nafasi ya kulia vizuri. Mjomba alinishika mkono akaniambia, "Wewe ndiye uliyesoma, tuandikie wasifu." Usiku ule nikakaa na mama mdogo jikoni, mimi naandika, yeye ananimulikia kwa simu. Tukapata ukurasa mmoja. Alizaliwa mwaka 1942. Alibatizwa. Aliolewa. Alijaliwa watoto tisa, sita wako hai. Kisha tukaingia kwenye ugonjwa, na hapo kalamu ikawa nyepesi kwa sababu ndiyo tuliyokuwa tunaikumbuka: presha, miguu kuvimba, kulazwa mara mbili, vipimo, rufaa, shukrani kwa wauguzi. Bwana ametoa na Bwana ametwaa.

Kesho yake niliusoma mbele ya watu. Walisikiliza kwa adabu, wakaitikia amina.

Tulipokuwa tunajiandaa kutoa mwili, akatokea mtani mmoja, mama wa makamo, amejifunga kanga mbili za bibi, sinia kichwani, mkono mmoja kiunoni. Akaanza kutembea kama bibi. Hatua tatu, anasimama. "Mbukwenyi!" anasalimia kwa Kigogo. Anauliza mtoto yule aliyekuwa anaumwa sikio amepona? Hatua mbili, anasimama tena, anampiga mzee mmoja begani, anamdai hela ya mayai. Hatua moja, anageuka nyuma, kamsahau mtu hakumsalimia, anarudi. Uwanja mzima ulicheka, na katikati ya kicheko hicho hicho wanawake wakaangua kilio ambacho ukurasa wangu haukuwatoa. Mimi nililia hadi nikakaa chini. Bibi yangu alikuwa pale, kwenye miguu ya yule mama. Kwenye karatasi niliyoshika hakuwamo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwambia kila mtu ambaye bibi yake yuko hai: usingoje usiku wa msiba. Usiku wa msiba kinachokumbukwa ni ugonjwa, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Miaka themanini na zaidi ya kucheka na watu inamezwa na miezi minane ya kitandani.

Nianze na umri, maana hapo tulikosea vibaya. Ile 1942 tuliitoa kwenye kitambulisho, na kwenye kitambulisho iliwekwa na mtu aliyemtazama usoni akakadiria. Bibi mwenyewe hakuhesabu kwa miaka, alihesabu kwa mambo. Baada ya mazishi niliketi na wajomba tukakumbuka alichokuwa akisema: kwamba alikuwa ameshavunja ungo kaka yake aliporudi kutoka Kongwa kwenye kazi ya karanga, amevaa koti, akamletea kitambaa cha gauni. Mradi wa karanga wa Kongwa ulianza 1947 na ukafa 1951. Msichana wa 1942 asingekuwa na zaidi ya miaka tisa mradi ukifungwa. Kwa hiyo bibi alizaliwa katikati ya miaka ya 1930, labda mapema kidogo. Alikufa akikaribia tisini, na sisi tukaandika themanini msalabani.

Ukanda wetu una misumari mingi ya kutundikia miaka, ukijua kuuliza. Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo, kwetu Wagogo, ya 1917 hadi 1920: mama yake bibi aliivuka akiwa mtoto, akamfundisha bibi kutotupa hata ukoko. Uhuru, 1961. Kuhamishiwa vijiji vya ujamaa mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wakiacha tembe zao zimesimama: mama yangu alikuwa anatambaa. Mwaka 1974, ukame, watu wakala mahindi ya njano yaliyotoka nje: mjomba ndio alikuwa anaachishwa ziwa. Vita vya Kagera. Ukimuuliza mzee "ulizaliwa lini" atakwambia hajui, na mazungumzo yamekwisha. Muulize "wakati wa mahindi ya njano ulikuwa na mtoto gani mgongoni?" Hapo atakaa vizuri.

Wala usimhoji. Nilijaribu mara moja, mwaka 2019, nikaja na daftari, nikakaa mbele yake kama karani. Akajibu ndiyo na hapana, akaniuliza kama nina matatizo kazini. Jioni tulipokaa kuchambua mlenda, mikono yake ikiwa na kazi na macho yake hayako kwangu, akaanza mwenyewe habari za stesheni. Yule mwanamke aliuza mayai ya kuchemsha na samaki wakavu wa bwawani kwa abiria wa treni kwa miaka isiyopungua ishirini na tano. Alijua ratiba ya treni ya Kigoma kuliko waliopanda. Alijua wakuu wa stesheni wote waliopita, na wake zao, na nani alihamishwa wapi. Abiria akikosa hela ndogo alimpa mayai akamwambia atalipa akirudi, na kwa maelezo yake walirudi. Kazi ya mikono ndiyo inayofungua mdomo wa mzee wa Kigogo, nimeamini hivyo. Chambua naye mboga, pepeta naye uwele, msuke nywele. Daftari liache ndani, utaandika usiku.

Mwache pia aongee kwa lugha yake. Wajukuu wengi tumekulia mjini, Kigogo chetu ni cha kusalimia tu, basi tunamlazimisha mzee asimulie kwa Kiswahili na yeye anapunguza utamu ili tumfuate. Bibi kwa Kiswahili alikuwa mtu mpole. Kwa Kigogo alikuwa moto. Mrekodi kwa Kigogo, maana utauliza baadaye.

Kuhusu kurekodi nina uchungu wangu. Nilikuwa na sauti yake moja kwenye simu, sekunde arobaini, ananiita "mke mwenzangu" na kuniagiza chumvi na viatu vya plastiki. Simu ikaibiwa kwenye daladala, sauti ikaenda nayo. Sikuwa nimeihifadhi popote. Kwa hiyo: rekodi ndani ya nyumba, maana upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti unakula maneno yote. Zima mtandao ili simu ya mtu isikate katikati. Mwanzoni taja wewe mwenyewe tarehe, mahali na waliopo. Usiku huohuo itume kwa watu wawili na uweke nakala kwenye flashi. Na zile picha za karatasi zilizo kwenye sanduku, chukua penseli, kaa naye, andika nyuma majina ya waliosimama. Sisi tunayo picha ya wanawake saba wamejipanga mbele ya behewa, na tunawajua watatu.

Halafu watafute watu wake. Mtu wa watu hakai kwa wanawe peke yao. Sisi watoto na wajukuu tulimjua bibi wa nyumbani, anayegawa chakula na kukemea. Wenzake wa stesheni walimjua mwingine. Karani wa sensa ya Agosti 2022 alimjua kwa saa tatu tu: alikuja kuhesabu kaya, bibi akamkatalia kuondoka bila kula, akamweleza ukoo wote hadi waliokufa. Kijana yule alikuja msibani. Alisimama nyuma, hakuna aliyemwomba aseme neno. Ningempa nafasi ya kusema kabla ya viongozi wote.

Kuna jambo gumu. Bibi na mdogo wake hawakusemezana miaka mingi kwa ajili ya shamba la mpunga. Baadhi ya wakubwa walitaka lisitajwe kamwe, hata kwenye maandishi ya familia. Nimeliandika. Nimeandika pia kwamba bibi ndiye aliyekwenda kwanza, kwa miguu, na debe la uwele kichwani, na kwamba wawili hao walilala kitanda kimoja usiku ule wakiongea hadi jogoo. Mwanamke mchangamfu namna ile alikuwa na hasira pia, na ukiificha hasira yake hutaeleza kwa nini kwenda kwake kulikuwa kukubwa.

Sasa naandika upya. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mwenzake wa stesheni, mmoja wa wale watatu tunaowajua pichani, ambaye macho yamekwisha lakini masikio ni mazima. Akanisimulia usiku ambao maji yalikata reli na treni ikalala Bahi, mabehewa yamejaa watoto wanaolia. Bibi alirudi nyumbani, akapika uji wa uwele sufuria mbili, akaja nao, kisha akaenda kuleta ngoma. Kwetu muheme hupigwa na wanawake, ngoma imebanwa katikati ya mapaja. Wakapiga pale pale kando ya reli, abiria wakashuka, Waha, Wanyamwezi, Waswahili wa Dar, wakacheza hadi kulipokucha.

"Alipigaje?" nikamuuliza.

Akaomba ndoo. Mjukuu wake akaleta ile ya plastiki ya kutekea maji, yule bibi kipofu akaigeuza, akaibana kwa mapaja, akapiga. Ninayo, dakika nne na sekunde kumi na mbili, nimeituma kwa watu wawili. Alipochoka akainyanyua ndoo akaisogeza upande wangu, akangoja nikae vizuri, kisha akashika mkono wangu wa kushoto, ambao ulikuwa mzito, akaanza kuupigisha polepole.